Muulize Fundi: Kabla hujailaumu iafoni, angalia kimpira

Toleo lililopita niliandika mistari kama mitano hivi kuhusu iafoni za kuingia ndani ya sikio, nikasema nyingi zinazoletwa mezani kwangu kama mbovu wala sio mbovu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka nikazima data. Nimechambua hizi, nyingine nimewajibu huko huko maana zilikua zinafanana, na kuna mmoja aliuliza kama nakopesha, jibu lake ni hapana.

Fundi habari za kazi. Nimenunua iafoni za waya za kuingia sikioni, nimetoa elfu sitini yangu, dukani muuzaji kanisikilizisha zikapiga poa kabisa, nimefika nyumbani besi hakuna, zinalia kama nyuki kwenye kopo. Ile niliyopewa bure na simu inapiga kuliko hizi. Nimepigwa au? — Mteja, Mbagala

Bado hatujajua kama umepigwa, ndugu yangu. Kabla hujarudi dukani kugombana na mtu fungua tena boksi. Chini kabisa, chini ya kile kikaratasi cha maelezo ambacho hakuna anaesoma, huwa kuna kipakti cha nailoni chenye vimpira vya ziada, vile laini vya kuvalisha mdomo wa iafoni unaoingia sikioni, vikubwa na vidogo, watu wengi wanakitupa pamoja na boksi. Umekiona? Basi nina uhakika mkubwa besi yako iko humo.

Iko hivi. Kile kispika cha ndani ni kidogo, mara nyingi upana wake ni milimita 10 au chini ya hapo, hakina ubavu wa kutikisa hewa ya chumba kama subwufa la jirani yako. Ujanja wake wote ni kwamba kinafanya kazi kwenye kijichumba kidogo sana, hicho kilichobaki kati ya kimpira na ngoma ya sikio, na kijichumba kikifungwa vizuri basi kikisukuma kidogo tu ngoma inaitikia. Ushawahi kujaza baiskeli upepo alafu mdomo wa pampu haujakaa sawa? Unapampu mpaka jasho linakutoka, tairi limelala pale pale, na pampu haina kosa lolote. Ndo hicho hicho kinachotokea sikioni kwako.

Na kinachoponyoka ni besi peke yake, hapo ndo watu wanachanganyikiwa. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, kwa hewa huo ni mwendo wa kobe, inapata muda wa kuchoropoka pembeni ya kimpira kabla haijakufikia. Sauti nyembamba zinatikisika mara elfu kadhaa kwa sekunde, hizo hazipati nafasi ya kutoroka, zinakuja moja kwa moja, kwahiyo unabaki na matoazi na ile "sss" ya mwimbaji na unaanza kulaani kiwanda cha watu. Hio ya bure uliyonayo, kama ni zile zisizo na kimpira kama EarPods za Apple zilizotoka 2012, yenyewe imetengenezwa ikijulikana toka mwanzo kwamba itavuja, wameipanga hivyo, ndo maana inaonekana ina nafuu.

Fanya jaribio moja. Weka wimbo wenye besi nzito, amapiano yoyote itafaa, usiguse sauti, alafu isukume iafoni kidogo na kidole. Besi ikiibuka ghafla kama mtu kafungua mlango wa klabu, kesi imeisha, ni kimpira. Anza na kikubwa zaidi ya unachovaa sasa, kikikuumiza rudi kwa kidogo, na usione ajabu kulia ikawa saizi hii na kushoto saizi ile maana masikio ya mtu mmoja hayalingani. Mimi kulia navaa cha kati, kushoto kikubwa, na miaka mingi nilikua navaa saizi moja kote nikiamini sikio langu la kushoto limezeeka kabla yangu.

Kuvaa nako kuna namna. Mkono wa upande wa pili upitishe juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka kwasababu lenyewe limepinda, fungua mdomo kidogo, ingiza huku unazungusha taratibu, alafu achia. Utajua imekaa pale feni itakapofifia na sauti yako mwenyewe ukiongea ikawa nzito kama unaongelea ndani ya mtungi. Ukimaliza saizi zote bado inavuja, tafuta vimpira vya sponji, unakibinya kwa vidole kiwe chembamba kama njiti, unaingiza haraka, unakishikilia kama sekunde 20 hivi na chenyewe kinaumuka humo ndani kama andazi. Ubaya wa sponji inakunywa jasho na inachakaa upesi, na inakata ukali wa sauti nyembamba kidogo, ila kwa kuziba hakuna kinachoishinda.

Ukifanya yote haya na bado zinalia kama nyuki, hapo sawa, nenda dukani.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa, nasikiliza lekcha zilizorekodiwa masaa mengi, ikifika nusu saa tu sikio la kushoto linauma sana mpaka natoa. Pia navaa hijabu na kitambaa kikisugua waya nasikia kwaruu kwaruu kichwa kizima. Halafu masikio yananiwasha. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, pole. Umeuliza mambo matatu, tuanze na maumivu.

Kwanza niambie panauma wapi. Kama ni ndani tunduni basi kimpira ni kikubwa, shusha saizi. Kama ni nje, kwenye lile bakuli la sikio au kile kinundu cha mbele, hapo kimpira hakina kesi, ni umbo la iafoni yenyewe, bodi yake ni pana kuliko bakuli lako na inaegemea gegedu, na gegedu ya pale haina nyama ya kuikinga, mgandamizo mdogo tu ukikaa nusu saa inalia. Vaa, simama mbele ya kioo, bonyeza pembeni polepole utaipata sehemu yenyewe. Na wewe una hijabu juu yake, kitambaa kikibana kinaisukuma bodi ndani muda wote, kwahiyo iafoni inayomfaa kaka yako masaa manne wewe inakushinda robo saa. Kwako tafuta yenye bodi ndogo na bapa, ambayo ukivaa haichomozi nje ya sikio. Zile zenye kijiti kinachoning'inia nazo zinasaidia watu wenye masikio madogo maana bakulini haziweki mzigo mkubwa, ila chini ya kitambaa kijiti kinavutwa vutwa, sasa hapo mpaka ujaribu.

Kuna dada mmoja alikuja kwangu na tatizo kama lako, tukahangaika na vimpira wee, mwisho nikagundua anavaa kushoto kulia na kulia kushoto. Angalia herufi L na R kwanza, usicheke.

Kwaruu kwaruu ni waya. Kila kinachogusa waya kinasafiri mpaka kwenye kispika, na kwa vile tundu limezibwa unakisikia chote. Pitisha waya juu ya sikio uzunguke kwa nyuma ndo ushuke, usishuke moja kwa moja kutoka sikioni, kelele itapungua sana, na kama una klipu ibane kwenye nguo. Ule mzito mzito wa hatua zako ukitembea, au ukitafuna kashata ukahisi nyumba inabomolewa, huo ni mwingine. Mtetemo wa mifupa yako kwa kawaida unatokea kwenye tundu la sikio, sasa umeweka kizibo, utokee wapi. Hauna tiba zaidi ya kuuzoea, au kuvaa iafoni zisizoziba, na hizo nazo utapoteza besi.

Kuwasha usikuchukulie poa. Mombasa kuna joto na unyevu, sikio likizibwa masaa sita linakua kama chumba kisicho na dirisha, na fangasi wanapenda sana hapo. Usivae ukiwa umetoka kuoga mpaka sikio likauke, vioshe vimpira kwa maji na sabuni kila wiki, vikauke usiku kucha kabla hujavirudisha, kila lekcha ikiisha toa upumzishe. Usichokonoe. Wiki ikipita bado unawasha, au ukaona majimaji yanatoka, nenda kwa daktari wa masikio, hapo fundi sina langu.

Asalaam aleikum fundi. Mie mpenzi wa taarab, ile ya zamani yenye kanuni (kile chombo cha nyuzi) na fidla. Nilinunua iafoni za kisasa kwa bei nzuri tu, nikisikiliza besi ya kukera na kanuni inanichoma kama sindano. Kwenye redio ya mzee wimbo huo huo unatulia. Masikio yangu au? — Mpenzi wa taarab, Unguja

Waaleikum salaam. Swali lako nimelipenda kuliko yote ya wiki hii, na masikio yako mazima sana tu.

Iafoni nyingi za bei ya watu zimepangwa kwa kuuza. Mtu akijaribu dakika moja dukani kwenye kelele anavutwa na besi kubwa na mikwaruzo ya juu inayong'aa, anasema eh hii kali, analipa. Katikati, pale inapokaa sauti ya mwimbaji, udi na fidla, pamerudishwa nyuma. Wimbo wa klabu unavumilia mpangilio huo. Taarab haivumilii kwasababu utamu wake wote uko hapo katikati, na kanuni ina zile nyuzi zinazopigwa kwa vijikucha vya kuvaa vidoleni, kila mlio unaanza na ncha kali, ukizidisha juu kidogo tu kila mlio unakua mchomo.

Alafu kuna ujanja wa sikio lenyewe. Tundu la sikio lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na kama chupa unayoipuliza mdomoni lina sauti yake linaloipenda, likiwa wazi ni karibu na hezi 3000, yani mitikisiko 3000 kwa sekunde, kwahiyo sikio tayari linakuza eneo hilo kabla hata hujanunua chochote. Ukiziba na iafoni mlio huo unahama unapanda juu, na unapohamia inategemea umeingiza kina gani. Ndo maana mtu anasema inachoma, unamwambia isukume milimita mbili ndani, anakujibu mbona imetulia. Jaribu hilo kabla ya yote.

Lisiposaidia, fungua ikwalaiza ya simu, ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, tafuta eneo la kati ya hezi 6000 na 8000 ushushe desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 au 4, na besi ya chini ya 200 ushushe kama 3. Usishushe kwa fujo, ukikata sana kanuni inakua imefunikwa blanketi. Vaa vimpira vya sponji kama nilivyomwambia mwenzako wa Mbagala, vinakata ukali wenyewe. Na siku ukibadili, uliza iafoni iliyopangwa kwa utulivu. Miaka ya 2010 mtafiti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walikaa wakasikilizisha watu mipangilio mbalimbali bila kuwaambia ipi ni ipi, wakaona wengi wanachagua sauti yenye besi iliyonyanyuliwa kiasi na juu pasipokua na wembe, na toka hapo viwanda vingi vinaufuata mpangilio wa namna hiyo, hata vya bei ndogo. Mfano iafoni ya 7Hz Salnotes Zero ilitoka 2022 kwa dola 20 hivi, waya wa kawaida, bodi ya plastiki, na kwa masikio yangu mwimbaji wa kike unamsikia anavuta pumzi. Usafirishaji na ushuru sitii neno.

Ukienda kujaribu angalia mtego mmoja. Iafoni mbili zikilinganishwa, ile inayopiga kwa nguvu zaidi itaonekana nzuri zaidi hata kama ni takataka. Zisawazishe sauti kwanza ndo uamue. Na beba vimpira vyako mwenyewe kwenye kimfuko, vile vya dukani vimepita masikio mangapi hata muuzaji hajui.

Bro iafoni yangu ya kulia sauti imeshuka sana, kushoto iko fresh. Jamaa kaniambia kispika kimekata nitupe. — Tanga

Usitupe. Vaa kinyume kwanza, ya kulia iweke kushoto. Upungufu ukihama nayo, tatizo ni iafoni. Upungufu ukibaki sikio lile lile la kulia, tatizo ni sikio, limeziba kwa nta, na iafoni haihusiki kabisa. Pia pitia seting'i za simu upande wa ufikivu (Accessibility), kuna kile kimstari cha kugawa sauti kushoto na kulia, nimeshaona kimesogezwa na mtoto na baba mtu kanunua iafoni mbili mpya.

Kama ni iafoni, toa kimpira, washa tochi ya simu, angalia mdomo wa kile kibomba. Kuna kiwavu kidogo pale, chenye matundu ambayo kwa shida unayaona. Kikiwa kizima kinameta. Cha kwako naweza kuapa kina rangi ya asali iliyoganda. Hio ni nta, sikio likipata joto inalainika inaingia kwenye kiwavu, ukitoa inakauka, kesho inaongezeka tena. Ishike iafoni kiwavu kiangalie chini, sugua na mswaki mkavu laini kwa mkono mwepesi, gonga gonga kwenye kiganja, ifute, rudia. Kichwa kiwe chini muda wote ili uchafu uanguke, ukigeuza juu unausukuma ndani kwenye kispika na hapo ndo jamaa yako atakua amesema kweli. Pini na sindano weka mbali, kiwavu kikitoboka ndo basi. Spiriti usimimine.

Na kama ni sikio, usiende na vijiti vya pamba, vinashindilia tu kama mtwangio. Hospitali wanasafisha dakika chache.

Fundi hizi za elfu kumi na tano zimeandikwa 9D BASS HD STEREO zina ukweli?

Hamna kitu kinaitwa 9D. Una masikio mawili. Ila elfu kumi na tano ukiipata yenye kimpira kinachoziba, sio mbaya kihivyo.

Mambo fundi, nna badi za blutuzi (hizi iafoni zisizo na waya) nzuri tu, mziki unapiga safi, ila nikipigiwa simu au nikiingia kwenye miting ya laptopu sauti inageuka mbaya kama kisima, na kwenye gemu bunduki inalia baada ya adui kushanidondosha. Ni feki? — Dodoma

Sio lazima ziwe feki. Blutuzi ya kawaida ina njia mbili, moja ya mziki inayoenda upande mmoja kwa ubora mzuri, nyingine ya maongezi ambayo inabidi ibebe sauti kwenda na kurudi, na ikishawasha maiki inahamia hio ya pili, sauti inabanwa inakua kama simu za mezani za zamani. Mziki unaosikika huku umewasha maiki ndo kile kisima. Kwenye laptopu dawa ni kuchagua maiki ya laptopu yenyewe, badi ziachie kazi ya kusikiliza tu, zinarudi kwenye ubora wake hapo hapo. Kuna mfumo mpya wa blutuzi unaoondoa hili, ila lazima simu na badi zote ziwe nao.

Gemu ni ucheleweshaji. Sauti inafungashwa kwenye simu, inarushwa, inafunguliwa kwenye badi, mpaka ikufikie imepita kama sehemu ya tano ya sekunde. Video inajua kusubiri, picha inacheleweshwa zilingane, gemu haiwezi kusubiri. Kama badi zina modi ya gemu iwashe, itapunguza. Kama unacheza kwa hela, chomeka waya.

Na jambo la uzee, badi hizo betri yake ni ndogo kuliko kucha, ukizitumia kila siku miaka miwili mitatu hivi zinaanza kukata njiani. Za waya mbaya zaidi ni waya kukatika pale kwenye pini, na nyingine waya wake unachomoka, unabadilisha waya peke yake. Mimi mziki nasikiliza kwa waya, simu napokea kwa blutuzi, sijawahi kujuta.

Bwana asifiwe fundi. Napiga kinanda kwaya ya kanisani Mwanza. Spika za jukwaani zinapiga filimbi kila jumapili na waimbaji hawajisikii. Tumefikiria kuvaa iafoni kama wale wa kwenye luninga. Tunaweza kutumia za kawaida?

Amina. Mnaweza, na hata wale wa kwenye luninga walianzia kwenye shida kama yenu. Mwaka 1995 fundi sauti wa kundi la Van Halen la Marekani, Jerry Harvey, alimtengenezea mpiga ngoma wao Alex Van Halen iafoni za kuziba kabisa sikio, maana jukwaa lilikua na kelele kiasi kwamba hata kujisikia ilikua vita, na hapo ndo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Kilichobadilika kilikua kile kile cha kimpira, sikio likizibwa kelele za jukwaa zinabaki nje na mtu anajisikia kwa sauti ndogo. Wakubwa wanamiminiwa silikoni sikioni, inaganda, inatolewa umbo, wanatengenezewa ya kwake peke yake. Nyie hamhitaji kuanzia huko.

Anza wewe wa kinanda, hutembei. Chukua iafoni ya waya yenye vimpira vya sponji, kwenye mikisa yenu mtoe mstari mmoja wa oksi, ile njia ya pembeni ya kutolea sauti, uende kwenye kijiampu kidogo cha hedifoni chenye nobu ya sauti karibu na mkono wako, nunueni na waya wa kuongezea wa mita tatu nne. Humo oksini weka sauti yako, kiongozi wa waimbaji na ngoma kidogo, usiweke kila kitu. Blutuzi hapana, uchelewaji nilioueleza hapo juu utakufanya upige nyuma ya kwaya nzima na mchungaji atakuangalia.

Mtakachokiona wiki ya kwanza ni upweke, yani unajisikia kama umefungiwa kabatini, husikii makofi wala "haleluya", na kila mtu atataka kuchomoa upande mmoja. Msifanye hivyo. Ukichomoa moja, sikio lililo wazi linapigwa na spika, na lile lililoziba unaliongezea sauti lishindane, unaumiza yote mawili. Wekeni maiki moja inayoelekea waumini muirudishe kidogo kwenye oksi, upweke unaisha.

Kaka naenda kazini kwa daladala kutoka Gongo la Mboto masaa mawili kwenda mawili kurudi. Konda anapiga kelele, injini inaunguruma, mziki wa gari juu, naweka sauti ya iafoni mpaka mwisho. Siku hizi usiku nikilala nasikia ngiiii sikioni. Ni kawaida?

Hapana mdogo wangu, na ningependa usome hii mara mbili.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Sawa. Ila kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ikifika 83 una masaa 20. 86 una 10. 89 ni matano. Ukienda hivyo hivyo mpaka 101 zimebaki kama dakika 19, kwa wiki nzima, sio kwa safari. Simu nyingi ukiweka mpaka mwisho zinaweza kufika huko na kupita. Wewe kwa wiki una masaa 20 au zaidi ndani ya daladala, piga hesabu mwenyewe.

Hio ngiiii ni sikio linalalamika. Inaweza kupungua ukilipumzisha, ila chembe za ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, kwahiyo nenda kapimwe usikivu, usisubiri.

Na ukirudi kwenye gari ujue unapandisha sauti kwasababu sikio liko wazi, injini inaingia, unashindana nayo. Kimpira cha saizi yako, au sponji, kinazuia kelele nyingi ya nje bure bila betri, alafu utashangaa sauti ya nusu inatosha. Ukiwa na hela chukua zile zenye mfumo wa kuua kelele, zina vimaiki vinavyosikia mngurumo na kutengeneza wimbi la kinyume linaloufuta. Zinaua vizuri sana injini na tairi maana ni mngurumo usiobadilika. Konda hazimuwezi, sauti ya mtu inabadilika badilika na iko juu, huyo atazuiwa na kimpira. Na kimpira kikivuja hata mfumo wenyewe haufanyi kazi, ndo maana AirPods Pro tangu zilipotoka 2019 zimewekewa jaribio la kuangalia kama zimeziba. Watu wanalipa pesa nyingi alafu hawalifungui hilo jaribio.

Ukikaribia kituo toa moja, usije ukapitishwa.

Fundi mume wangu analala na iafoni masikioni kila siku, anasikiliza mpira wa marudio mpaka usingizi unamchukua. Asubuhi analalamika sikio linauma upande anaolalia. Nimemwambia hasikii. — Mke wa shabiki, Morogoro

Shemeji, hawezi kusikia, ameziba.

Mwambie iafoni ngumu ikigandamizwa na mto inasukumwa ndani masaa sita, lazima paume, na sikio linashinda na unyevu usiku kucha. Kama mpira lazima ausikilize, avae upande mmoja tu ule usiogusa mto, aweke sauti ya chini na taima ya nusu saa izime yenyewe. Za waya asilale nazo kabisa, unazunguka shingoni. Au weka simu chini ya mto sauti ndogo, wote mtasikia. Ila hapo wewe ndo utakaeniandikia toleo lijalo.